Kiti Kisichokaliwa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili asitokee msomaji wa kudhani anasoma habari za shujaa. Kazi yangu ni kusuka makuti uani kwangu, hapa Msambweni, nayo huenda kuezeka mahoteli ya Diani ambako mimi mwenyewe sijawahi kunywa hata maji. Wanaotaka makuti hunifuata. Msikiti uko karibu, duka liko karibu zaidi, na mke wangu huwaambia wageni kwamba hujua kama niko hai kwa kunisikia nikikohoa. Watu wengine huenda Ukunda asubuhi kununua nyanya, wakarudi, wakaenda tena alasiri kwa sababu wamesahau vitunguu. Mimi nikienda Ukunda huaga majirani wote na kuwaomba radhi, kama anayekwenda kuhiji.

Mtu wa namna hiyo ama atakuwa mmbea ama atasoma vitabu. Mimi, alhamdulillahi, nafanya yote mawili.

Vitabu hunijia kwa dada yangu mdogo, anayesafisha vyumba katika hoteli moja huko Diani. Wageni wakiondoka huacha vitu ambavyo havikuwatosha begini: mafuta ya kujikinga na jua, kofia za ukindu, na vitabu. Mafuta na kofia vina wenyewe pale hotelini. Vitabu hakuna anayevigombania. "Kaka, chakula chako hiki," husema dada yangu, akanitupia juu ya makuti kama anayemtupia mbuzi majani. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kinachotosha kuelewa nusu ya ukurasa na kubahatisha nusu ya pili, na mara nyingi ile ya kubahatisha ndiyo huwa tamu zaidi.

Kimoja kilikuja bila jalada. Hadi leo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Ndani yake mna nchi isiyotajwa jina. Siku moja serikali inamgawia kila mwenye nyumba kiti. Kiti kizuri, cha mbao ngumu, na ni bure. Watu wanashangilia, wanapanga foleni, wengine wananung'unika kwamba jirani amepata chenye mgongo mrefu zaidi. Sharti ni moja tu: kisikaliwe. Ni kiti cha Mkuu wa Nchi, ili siku akipita akute pa kukaa. Kurasa za mwanzo zinachekesha mno. Mama mmoja anaanikia juu yake nguo za mtoto. Mlevi mmoja anakiamkia kila akiingia na kila akitoka. Nilicheka peke yangu uani mpaka mke wangu akaja kutazama kulikoni.

Kisha inatoka amri kiti kisogezwe mezani wakati wa kula. Kisha kitengewe sahani. Kisha watu, bila ya kuamriwa na yeyote, wanaanza kushusha sauti wakiwa mbele yake. Mume na mke wanagombana kwa kunong'ona. Halafu seremala mmoja anaitwa kutengeneza kiti kilichovunjika mguu, naye anakifungua chote aone kuna kitu gani ndani cha kusikilizia. Hakuna. Mbao na misumari. Anatoka mbio kuwapa watu habari njema, na watu hao hao ndio wanaomkamata na kumpeleka kwa wakubwa. Hawakuweza kumsamehe. Kama kiti hakikuwa kikisikia, basi miaka yote ile nani aliwanyamazisha?

Nilipomaliza nilijihesabu mtu mwenye bahati. Nchi yangu ina uchaguzi, ina magazeti, ina watu wanaotukanana redioni tangu alfajiri. Nikaona onyo la kitabu kile liko kwenye kurasa za mwisho, za yule seremala, na kwamba sisi tuko mbali na kurasa zile. Haikunijia kwamba onyo lilikuwa mwanzoni, pale pale nilipokuwa nikicheka.

Hadithi ile nilimsimulia shangazi yangu. Ni dada wa marehemu baba, na anakaanga samaki kule wanakoshushwa. Kwetu wanawake wa kazi hiyo huitwa mama karanga. Kila alasiri hupita na beseni lake kichwani, akaketi uani kwangu akapumzisha shingo, akala tende zangu na kunikebehi. "Bado uko?" huniuliza. "Mimi nilijua ushaota mizizi, nimekuja kukumwagilia maji." Yeye kusoma hataki, anataka kusimuliwa. Nikamsimulia kitabu kwa vipande, siku hadi siku, naye akifika kabla hata ya kutua beseni anauliza, "Ehe, na yule mlevi?" Nilipofika mwisho alirudisha tende aliyokuwa ameishika.

"Nchi nzima?" akauliza.

"Nchi nzima, shangazi."

"Na viti vyote vile, asipatikane hata mmoja wa kukaa?"

"Hata mmoja."

"Basi hawakuwa na watani." Akajipangusa mikono kwenye kanga. "Mtani mmoja tu angeketi, akajamba, mambo yakaisha siku ile ile. Kitabu chako kingekuwa kurasa mbili."

Asiyekuwa wa kwetu nimweleze. Ukoo wetu na ukoo wa watu fulani ni watani tangu enzi za mababu ambao hakuna anayekumbuka nyuso zao. Kwa mtani unasema utakalo. Unaingia kwake ukachukua kuku, unamwambia mwanawe kichwa kama dafu, na yeye hakasiriki, kwa sababu haruhusiwi kukasirika. Na hasa matangani. Mtani akifiwa, sisi ni lazima twende, na siku ya kuondoa matanga ni lazima tumwige marehemu, tuwaige waliobaki, tuwadhihaki mpaka wafiwa wacheke na machozi yakiwa yangali mashavuni. Tukikaa kimya tumewatupa. Na mtani akishika kitu, hakiachii mpaka kigombolewe kwa chochote. Katika ukoo wetu fundi wa mambo hayo ni shangazi. Mimi pia nina haki hiyo ya kuzaliwa, ila hutumwa nikasimamie sufuria, kwani utani wangu, wasema jamaa, huwazidishia wafiwa majonzi.

Basi akafa mzee mmoja wa watani wetu. Mzee huyo alikuwa mjomba wa Mheshimiwa. Mheshimiwa yupi, mwenye cheo gani, sitaji. Mimi ni mwoga na sijawahi kuficha. Inatosha kusema kwamba mama yake ni wa ukoo ule, kwa hiyo naye kwetu ni mtani kamili, na amelelewa akilijua hilo.

Sasa, katika shughuli zetu za siku hizi, hema likishasimamishwa na viti vya plastiki vikishapangwa, mbele kabisa huwekwa viti vichache vikubwa vilivyovishwa kitambaa cheupe, na utepe mgongoni kama zawadi. Hivyo ni vya Mheshimiwa na wenzake. Naye huchelewa. Wazee wanasimama juani na bakora zao, wajawazito wanakaa chini, viti vinakaa vitupu. Nimeona shughuli ambayo Mheshimiwa hakutokea kabisa, na viti vikarudishwa garini vyeupe vile vile, hakuna aliyevigusa. Hakuna sheria wala bango. Tumejizoeza wenyewe. Na mimi nilikuwa nikiyaona hayo miaka yote, nikasoma kitabu kizima cha viti tangu mwanzo hadi mwisho, nisikumbuke. Ndiyo elimu yangu hiyo.

Shangazi alikumbuka. Siku ya kuondoa matanga, hitima ilisomwa, na sheikh, ambaye hapendi utani wetu, akafanya kama afanyavyo kila mara: akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumtazama. Mara alipopinda kona, shangazi alitoka upande wa wanawake, akapita katikati ya wanaume, akaketi kwenye kiti cheupe cha katikati. Alikunja nne. Akavua champali zake, akaziweka moja kila sikio kama simu.

"Haloo? Haloo? Niko mkutanoni! Na wewe wa huku, subiri, niko mkutanoni na huyu!" Kisha akawatazama wafiwa kama ambaye ndiyo kwanza awaone. "Poleni sana. Nimechelewa kwa sababu ya barabara. Barabara ni mbovu mno. Sijui hata ni ya nani."

Watu walianguka. Mfiwa mkubwa, mtoto wa marehemu, alishika nguzo ya hema. Shangazi akageuka upande wa makaburini, akapaza sauti: "Mjomba! Huko ulikofika kuna lami? Kama haipo nitumie salamu, nije niwaahidi!"

Hapo ndipo Mheshimiwa alipoingia na walinzi wake. Kicheko kilikatika kama kilichomwagiwa maji. Shangazi hakusimama.

"Karibu, mwanangu, karibu. Viti vimekwisha. Kaa hapo chini na wananchi wenzako."

Na Mheshimiwa akacheka. Hili nalisisitiza, na nitalisisitiza mpaka niingie kaburini. Nilikuwa kando ya sufuria, nilimwona. Alicheka mpaka magego yakaonekana, akapiga paja, akaketi mkekani na suti yake.

"Mtani," akasema, "nipe kiti changu."

"Chako? Ulizaliwa nacho?"

"Nikupe nini uondoke?"

"Lami."

"Chukua jogoo kwanza, lami inakuja."

Akaletewa jogoo mwekundu wa pale pale nyumbani, amefungwa miguu. Shangazi akampokea, akamwinua watu wamwone. "Huyu namwita Lami," akatangaza. "Ndiyo lami ya kwanza niliyoishika kwa mikono yangu." Akaondoka kitini, Mheshimiwa akakaa, pilau ikapakuliwa, na tukarudi makwetu tukisema kwamba yale yalikuwa matanga.

Wapo waliokuwa wakipiga picha kwa simu. Video ile ilisambaa kufika kwa watu wasiojua mtani ni nini. Huko hapakuonekana Mheshimiwa akiketi mkekani wala akitoa jogoo. Kilikatwa kipande kile cha barabara tu, kikaongezwa muziki. Dada yangu alinionyesha. Tulicheka. Nasema tena, tulicheka, sisi wote, tukamtumia na jamaa wa Taru aliyekosa kuja.

Siku chache baadaye, shangazi akiwa amechutama mbele ya karai lake la mafuta, liliingia gari jeupe lenye vioo vyeusi. Walishuka wanaume waliovaa nguo za kiraia. Hawakusema ni nani. Walimwuliza kama ndiye mama wa video. Akawaambia, "Ndiye, mnataka samaki wa ngapi?" Wakamshika mikono. Mama karanga wenzake walisema aliomba avae champali zake, hawakumngoja. Walisema pia kwamba samaki waliokuwa karaini waliungua mpaka wakawa makaa, kwa kuwa kila mtu alisimama akitazama barabara lilikopotelea gari.

Mwanamke mwenye wajukuu. Muuza samaki. Kwa kukaa kwenye kiti kilichovishwa kitambaa.

Mimi nikatoka nyumbani. Mke wangu hakutania. Alinipa shati la Ijumaa. Mimi na dada yangu tulikwenda kituo baada ya kituo, na kila kituo hakikumjua. Katika kimoja nilikuta afande kijana nyuma ya meza, mtu wa bara.

"Unatafuta nani, mzee?"

"Shangazi yangu. Ni mama wa makamo, amechukuliwa Msambweni."

"Yule wa video? Huyo hayuko hapa."

"Sijakwambia habari ya video, afande."

Akanitazama. "Mzee, wewe unajifanya mjanja sana. Rudi nyumbani."

"Nyumbani ndiko nikaako siku zote. Ulizia. Nimetoka kwa ajili yake tu."

Dada yangu alijaribu kumweleza habari ya utani, kwa adabu zote, mababu na jogoo na yote. Afande alisikiliza huku akichokoa meno.

"Yaani nyinyi huku mkienda matanga mnatusi wakubwa, halafu mnaita hiyo desturi?"

"Naye alicheka, afande," nikasema. "Mheshimiwa mwenyewe alicheka."

"Kucheka ni kitu ingine," akasema. "Hii maneno imetoka juu. Mimi siwezi."

Juu. Nilitoka pale nikiangalia juu. Palikuwa na kunguru juu ya waya wa stima. Tangu siku hiyo nimeuliza watu wengi huko juu ni wapi, anakaa nani, mlango wake uko upande gani ili mtu abishe hodi. Hakuna ajuaye, na kila mmoja anaogopa huko. Wazee wetu walikwenda mpaka kwa Mheshimiwa. Aliwapa chai na mahamri. Alisikitika sana. Alisema yeye hajui lolote, atafuatilia, na kwamba yeye si mtu wa kukasirika, yeye ni mtani. Wazee walirudi wakisifu mahamri. Sijui hadi leo kama aliagiza, au alinyamaza tu na mtu mwingine akataka kumfurahisha. Nimeshindwa kuamua lipi ni ovu zaidi.

Lakini walionitia hasira hasa hawakuwa wa juu. Walikuwa wa papa hapa, wa chini kabisa, walioshika mbavu siku ile. "Kwani alilazimishwa kukaa?" wakasema. "Mama yule naye ana mdomo." "Mambo mengine ni ya kujipima." Yule aliyepiga video alikuja uani kwangu akisogea ubavu ubavu kama kaa. Alikuja kunijulisha kwamba ameifuta, tena kwamba yeye hata matangani hakuwapo.

"Ulikuwa umekanyaga mguu wangu," nikamwambia. "Nilikuomba uondoke, ukaniambia nikusubiri, unapiga video."

"Unanifananisha, kaka."

"Basi aliyenikanyaga alikuwa amevaa sura yako."

Aliondoka akitazama nyuma. Na mimi nikabaki nikiwaza wale watu wa kitabuni waliomkamata seremala. Nilipowasoma niliwaona wabaya, watu wa nchi nyingine, wenye damu ya baridi. Kumbe walikuwa watu wa kawaida kabisa waliotaka kulala usingizi wao. Wanaosema vitabu vya namna ile ni chuku ya kuwatisha walioshiba, nawakaribisha uani kwangu. Aliyeandika kile hakutabiri chochote. Aliwatazama tu majirani zake vizuri.

Shangazi aliachiliwa kama alivyochukuliwa, bila maelezo. Walimteremsha Kona ya Musa, pale Ukunda, adhuhuri, katikati ya wauza mitumba na mabodaboda, wakamwambia, "Mama, nenda ukae kimya," gari likaondoka. Alisimama pale miguu mitupu juu ya lami iliyowaka jua. Muuza mahindi mmoja alimwazima simu, na dada yangu akatoka kazini na sare yake kwenda kumchukua. Hakushtakiwa. Hakuonyeshwa karatasi. Hakuna hata mmoja aliyemwambia samahani.

Alitusimulia mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayesoma bei. Hawakumpiga. Walikuwa wakimwuliza neno moja: nani amekutuma? "Nikawaambia nimetumwa na mababu zangu. Wakataka kujua mababu hao wanaishi wapi." Mimi nilicheka, kwa mazoea. Yeye hakucheka, nami nikameza kicheko changu.

Kesho yake alimchinja jogoo. Nilikuwa nimemlea siku zote zile alizokuwa hayupo, nikimwita kwa jina lake kila nikimpa pumba. Shangazi alikuja, hakuniuliza bado niko, akamshika, akamchinjisha kwa mjukuu wa jirani, akampika. Tulimla. Baadaye mke wangu aliniambia sababu: hakutaka litajwe tena jina lile nyumbani kwa mtu.

Akarudi kwenye karai lake. Ila sasa alivaa raba za mwanawe, kubwa, za kufunga kamba, na kamba alizikaza mafundo mawili mawili. Joto lile la mafuta, jua lile, na yeye ndani ya raba. Nilimwuliza.

"Wakija tena," akasema, "nisiende pekupeku."

Nimeishi na neno hilo. Wapo watu mahali fulani, wanalipwa mishahara, waliofanya kazi usiku na mchana mpaka mama karanga wa Msambweni akawa anavaa viatu vya kukamatiwa. Hayo ndiyo matunda ya kazi yao. Wayatazame.

Na hilo halikuwa baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba akija uani kwangu aliongea chini chini, akitupa jicho kwenye ua kabla ya kila sentensi. Nami nikajikuta najibu chini chini vile vile. Uani kwangu! Hakuna mtu pale, kuna minazi na choo. Siku moja nilikuwa nikimnong'oneza mke wangu kwamba chumvi imezidi.

Kisha watani wetu wakafiwa tena, mama mmoja mzee aliyekuwa akifuma kofia. Twende tusiende? Kutokwenda haiwezekani. Tulikwenda. Hema lilisimamishwa, na mbele, kama kawaida, viti vyeupe. Mheshimiwa alikuwa ametuma salamu kwamba huenda akafika na huenda asifike. Viti viliwekwa kwa ajili ya ile huenda.

Hitima ikasomwa. Sheikh akakumbuka mgonjwa wake. Watu wakaanza kutazama upande wa wanawake, si kwa kugeuza shingo, kwa pembe za macho. Shangazi alikuwa mkekani anachambua mchele, raba zake miguuni, ingawa wanawake wote walikuwa wamevua viatu. Anachambua punje moja moja. Bintiye marehemu alikuwa amekaa karibu naye, macho yamevimba, akingoja. Alikuwa akingoja haki yake. Mama yake amekufa na watani wamekuja kula pilau kimya kimya, kama wageni wa mbali. Muda ulipita. Mpishi alianza kufunua masufuria, na wakishapakua imekwisha; mtani aliyekosa kusema kabla ya chakula hasemi tena. Nikaona wazi kwamba shangazi akinyamaza siku hiyo, atanyamaza siku zote, na hakuna mwingine wa kuusema utani wetu. Ukoo mzima una fundi mmoja.

Fundi mmoja, na msimamizi wa sufuria.

Sikukusudia. Miguu ilitangulia, mimi nikaifuata na mwiko mkononi. Nilipita mbele ya wazee, nikaketi kwenye kiti cheupe. Kilikuwa laini kuliko nilivyodhani. Kuni zilisikika zikilia kule nilikotoka. Yule wa video alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Nilijua ninapaswa kusema kitu. Nilikuwa nimemsikia shangazi akisema maisha yangu yote, na kichwani hamkubaki hata neno.

"Nimechelewa," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Kwa sababu ya... barabara."

Hakucheka mtu. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, toka hapo." Hakusema kwa ubaya, alisema kwa huruma. Jasho lilinitiririka hadi kisigino. Niliushika mwiko kwa mikono miwili juu ya magoti nikaendelea kukaa, si kwa ushujaa, ila kwa kuwa kurudi kupita mbele ya wazee kulinitisha zaidi.

Ndipo ikatoka sauti upande wa wanawake, si ya chini.

"Hebu mtazameni! Mheshimiwa gani anabana magoti kama bibi arusi?"

Mtu mmoja akaguna. Bintiye marehemu aliinua uso.

"Na mwiko ni wa nini?" Shangazi alikuwa amesimama, kanga imejaa makapi ya mchele. "Umekuja kutuongoza ama kutupakulia? Panua kifua! Wewe kifua huna, panua tumbo!"

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikavuka. Nilipanua tumbo. Akapiga kelele kwamba tumbo lile ni la minyoo, si la uongozi. Kisha akainama. Nilidhani anaokota ungo. Alikuwa anafungua kamba za raba, yale mafundo mawili mawili, moja lilikataa akalikata kwa meno. Akavua ya kwanza, akavua ya pili. Akapita katikati ya wanaume miguu mitupu, raba moja kila mkono, mpaka akasimama mbele yangu.

"Ondoka," akaniambia. "Unatuaibisha. Rudi kwenye sufuria yako."

Nikaondoka mbio. Akaketi, akakunja nne, akaweka raba moja sikioni.

"Haloo?" akasema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Huko juu! Mnanisikia?"